Nani Alimfundisha Mama Mkwe Njia za Voi?

Mpendwa Bi Mejumaa,

Salaam aleikum, na naomba unisaidie kabla sijapasuka, kwani nina jambo nimelifungia kifuani wiki ya tano hii na mimi kwa kweli si mtu wa kufungia mambo, hata mume wangu hunitania kwamba ukinipa siri asubuhi, adhuhuri imeshafika Marikiti na kurudi. Hili sijamwambia mtu. Nakuandikia wewe kwa sababu hunijui, na majina nimeyabadilisha yote ila la gari, maana Pijo ziko nyingi.

Nina miaka thelathini na minne, ni mke wa Zein, fundi wa kuchonga milango, tunakaa Kibokoni pamoja na watoto wetu wawili na mama yake mume wangu, Bi Mwanakhamis, aliyepita miaka sabini na bado anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Ninayoyajua juu yake ni yale ambayo mtaa mzima unayajua, kwamba mama yake alifariki siku ile ile aliyomzaa, kwamba alilelewa na shangazi zake watatu hapo hapo Kibokoni, kwamba nyumbani kwake hataki kusikia neno lisilo la Kimvita, na kwamba hajapata kuvuka Makupa kuingia bara. Hilo la Makupa ndilo Zein hulisema barazani kwa fahari, kwamba mama yake ni wa kisiwa kwelikweli, bara hulisikia kwa wapitao tu. Nami nimelisikia miaka kumi na moja nikalisadiki.

Mwezi wa nane shule zilipofungwa shemeji yangu wa Kisumu alikuwa akimwoza binti yake, na Zein akaapa kwamba safari hii hatupandi basi wala gari la moshi, tutakwenda na Pijo lake alilolitengeneza kwa mikono yake miezi mitatu, siku ya kwanza tulale Nairobi kwa rafiki yake, ya pili tuingie Kisumu. Tulidhani mama atabaki na jirani. Tulipokuwa tukipanga akasema, bila kuinua macho kwenye kofia aliyokuwa akishona, "Mimi ntakaa mbele." Zein alifurahi, akaona ni mapenzi ya mjukuu anayeolewa. Mimi nilimtazama sana, naye akaendelea kushona.

Sasa wewe wajua kwetu mtu akisafiri mbali hasafiri peke yake. Tangu jana yake majirani walikuwa wakileta amana, huyu achari za mwanawe Nairobi, yule halwa ya dadake Nakuru, yule kanzu ya mkwewe, kila kifurushi na karatasi yake ya jina, mpaka vikawa kumi na vinne na Zein akaanza kununa kwa ajili ya springi za Pijo. Alfajiri ami yake akatuadhinia mlangoni, tukapita chini ya msahafu mmoja mmoja, uvumba ukafukizwa mpaka ndani ya gari, na nilipokuwa nikipanga vitu nyuma nikakuta kitu cha duara kimefungwa kwa kitambaa cheupe, chanukia iliki, hakina karatasi. Na kwetu kisicho na jina ni cha msafiri mwenyewe. Nikakiweka karibu na chupa ya chai nikijua ni chakula chetu cha njiani.

Basi tulipovuka Makupa tu, Bi Mejumaa, huyu mama asiyejua bara akaanza kutaja mahali kabla hatujafika. Alisema sasa ni Mazeras, na Mazeras ikaja. Alisema Taru tusiombe maji kwa watu kwa sababu wao wenyewe hawana. Alisema mbele kidogo kutakuwa na mteremko, na mteremko ukaja. Zein akacheka akasema mama amewasikiliza wasafiri miaka mingi mpaka amekariri, nami nikajiuliza ni msafiri gani anayekaa kusimulia mteremko.

Kabla ya Mackinnon Road watoto wakalia njaa, nikafungua kile kitambaa, kumbe ni mkate wa sinia, mzuri wa kuteleza, nikawakatia, nikajikatia na mimi, na nusu ilikuwa imekwisha mama alipogeuka. Uso wake ulibadilika, nami nikauona ukibadilika. Alinyoosha mkono nikampa ile nusu iliyobaki, akaifunga upya, akaipakata. Nikamuuliza kwa aibu ni amana ya nani, akasema ni ya mwenyewe.

Tulipofika Maungu gurudumu la nyuma likapasuka. Zein akafunga la akiba, na tulipofika Voi akasema hatuendi mbele mpaka lililopasuka lizibwe, akakaa na watoto kwa fundi wa magurudumu. Mama akaniambia nimsindikize msalani.

Msalani hatukwenda. Huyu ninayemshika mkono kushuka ngazi za nyumbani alitangulia mbele yangu, akapita nyuma ya maduka, akavuka reli, akakata kona kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, wala hakumuuliza mtu njia, na mimi nyuma yake nahema. Alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya buibui, kama afanyavyo mbele ya kila mwanamume, alijifunika kwa fundi wa magurudumu, alijifunika hata kwa polisi wa kizuizini Mariakani aliyekuwa rika la wajukuu zake. Akasimama kwenye mlango uliopandwa mrihani ndani ya kopo la mafuta, akapiga hodi.

Alitufungulia mwanamke wa makamo, jina lake Mirriam, na ndani mlikuwa na mzee, ambaye Mirriam aliniambia baadaye kwamba ni baba yake, mzee Ngowa, aliyekuwa mfanyakazi wa reli mpaka akastaafu. Mzee alikuwa amekaa juu ya kitanda cha kamba, mguu mmoja umevimba na kufungwa vitambaa, macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Mama hakujitaja. Yule mzee aliinua kichwa kwa zile hodi tu akasema, "Kadzo."

Na mama mkwe wangu, Bi Mwanakhamis wa Kibokoni, akafunua uso wote, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, asimwachilie. Wakazungumza Kigiriama. Mimi Kigiriama najua cha kununulia mboga tu, sikuambulia kitu, nikabaki nimeshika kikombe cha maji macho yamenitoka. Akampa ile nusu ya mkate, mzee akaipapasa kwa vidole mpaka akafika pale nilipokata, ndipo akasema kwa lugha yetu, "Hata leo nusu umeila ndiani, Kadzo." Mama akacheka, na miaka kumi na moja nimekaa naye nyumba moja, kicheko kile sijakisikia.

Mzee akamuuliza jambo, mama akamjibu kwa Kiswahili, naona alitaka na mimi nisikie, "Ntapita nikirudi. Ni majuma mawili." Tulipokuwa tukirudi garini akajifunika uso akaniambia, "Uliyoyaona, mwanangu, yawate papa hapa," yaani niyaache hapo hapo Voi. Zein alituuliza kama tulikuwa tumepotea, mama akasema Voi imekua.

Wiki mbili baadaye tukawa tunarudi kutoka Kisumu, na tangu Manyani nilimwona mama akijitengeneza buibui, mkononi ana chupa ya mafuta ya kuchulia aliyoinunua Kisumu. Tulipoingia Voi akamwambia Zein asimame, anataka kuswali alasiri. Zein akasema kwa upole tutaswali Mackinnon Road pale msikitini kama wasafiri wote, pana maji na pana kivuli. Mama akageuka akanitazama. Ningeweza kusema tumbo laniuma, ningeweza kusema mtoto ataka kutapika, na Zein angesimama saa ile ile, lakini niliinamisha kichwa nikaanza kumtengeneza binti yangu nywele, na Voi ikapita. Na nikuambie ukweli ambao hata mwenyewe naona haya kuuandika, nilifanya vile kwa hasira. Wiki mbili nilimngoja anieleze na hakunieleza, nikasema moyoni kama siri ni yako peke yako, basi na safari ni yako.

Tangu turudi hajanikemea wala hajaninunia. Ila kofia aliyokuwa akishona imesimama pale pale, na chupa ya mafuta iko dirishani haijafunguliwa. Mimi sipati usingizi kwa kutaka kujua. Nimemzungusha, nimesifu mrihani, nimemuuliza kama Voi huwa na joto hivyo siku zote, akanijibu joto liko. Nawaza huenda ni mume wa kwanza, nawaza huenda ni mpenzi wa usichana, maana uso wazi na mkono kwa mkono, na baba yake Zein hajatimiza miaka sita kaburini. Je, nimwambie mume wangu? Nimbane mama aniambie? Au nimtafute yule Mirriam nimuulize mwenyewe? Mtu huyu ni nani, Bi Mejumaa? Anwani yangu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Wako,
Nisiye na Kifua,
Kibokoni, Mombasa


BI MEJUMAA ANAJIBU

Aleikum salaam, mwanangu. Kifua unacho, wiki tano si haba. Kilichokupungukia ni kingine, nitakifikia.

Kwanza nikupoze, maana naona umeshamtia bibi wa watu katika mapenzi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na majibu mengi umeyaandika mwenyewe kwa mkono wako, ila ulikuwa na haraka ya kushangaa. Umeniambia mama huyu hujifunika uso kwa kila mwanamume, mpaka kwa kijana wa polisi. Halafu ukaniambia kwa mzee huyu alijifunua uso wote, mbele yako, wewe mke wa mwanawe, akamshika mkono. Mwenye kuficha mpenzi hapeleki shahidi. Wewe hapo umeona aibu. Mimi nimejiuliza ni wanaume gani ambao mwanamke wa namna hiyo hana haja ya kujifunika mbele yao. Ni wachache, na unawajua: baba, mume, mwana, ndugu.

Sasa nami nikuulize. Umesema mama yake alifariki siku ya kumzaa. Miaka sabini na zaidi iliyopita, maziwa ya kopo hakuna, mtoto yule alinyonya kwa nani? Shangazi watatu umewataja. Umepata kusikia mmoja wao alikuwa na mtoto mchanga wakati huo? Miaka kumi na moja umo ndani ya nyumba ile, mumeo ana arubaini na ngapi sijui, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuuliza swali hilo dogo. Mji wetu una watu hodari wa kukuhesabia mababu saba, lakini uliza nani alimnyonyesha nani uone watakavyokohoa.

Tazama na mengine. Jina la Kigiriama kama Kadzo hapewi mgeni aliyekuja kununua kuku. Kigiriama cha kujifunza ukubwani ni cha kununulia mboga kama chako. Cha kuchekea mtu hukipata kabla hajang'oka meno ya utoto. Na lile neno la mkate ulioliwa nusu njiani, mimi ninasikia watoto wawili waliotumwa pamoja, na mmoja wao hana subira.

Mimi si kadhi wala sipigi ramli, na huenda nimekosea kabisa. Lakini ukinilazimisha, nitasema mama mkwe wako alipelekwa kwa mama wa Kigiriama akiwa na siku chache, akanyonya ziwa moja na huyu Ngowa, akakaa huko mpaka akajua kutembea na kusema na kucheka, ndipo shangazi zake wakamrudisha kisiwani, wakamfundisha Kimvita safi na kuyanyamazia yaliyosalia. Waliokunywa maziwa mamoja ni ndugu, na ndugu hafunikiwi uso. Mumeo naye akazaliwa juu ya kimya hicho, akakitwaa akakifanya fahari ya barazani. Hakosi, hakuambiwa. Ila hajavuka Makupa, mwanangu, mtu anayeijua Voi mpaka kona zake? Amekwenda, tena si mara moja. Siku ngapi aliwaaga kwamba anakwenda matangani Majengo, mkamwamini?

Nimekupa chakula cha udadisi wako. Sasa nisikilize vizuri, maana nitakukemea.

Siku ile Voi mama huyu alikuwa na mjukuu angeweza kumshika mkono. Angeweza kukuacha na watoto akaenda peke yake, miguu umeiona mwenyewe. Alikuita wewe. Neno la ahadi akalisema kwa Kiswahili ili ulisikie wewe. Hukugundua siri yoyote, ulikabidhiwa. Ilikuwa amana ya kumi na tano ndani ya gari lenu, na kwa sababu haikuwa na karatasi ukadhani ni yako kuitumia upendavyo. Mkate uliukata kwa kutojua, na hilo si kosa, hata mzee limemfurahisha. Lakini siku ya kurudi alikutazama akikuomba jambo moja dogo, nawe ukamtengeneza mtoto nywele. Hapo ulikata makusudi. Umemwadhibu bibi wa miaka sabini kwa sababu hakukulipa kwa hadithi. Nakuambia wazi kwa sababu naona umeshajua, ndiyo maana usingizi huupati, usisingizie udadisi.

Basi fanya hivi. Mumeo usimwambie. Ya mama yake ni ya mama yake kumwambia, siku akitaka, na asipotaka yatazikwa naye na hiyo ni haki yake. Mirriam usimtafute, usiende kuchimba kwa watu. Na huyo mama usimbane wala usimzungushe na habari za mrihani na joto, wewe si hodari wa kuzungusha, amekuona tangu siku ya kwanza.

Swali lako la nani liache. Yuko mzee kule, haoni, mguu umevimba, aliambiwa majuma mawili na hii ni wiki ya tano, na kila hodi inayopigwa mlangoni anainua kichwa. Hilo ndilo la kukukosesha usingizi. Keti karibu na mama asubuhi, mpe sindano na ile kofia, umuulize maneno matatu tu: "Mama, twenda lini?" Usiongeze la nne. Akikujibu kesho, iwe kesho.

Zein umwambie kweli tupu, kwamba wewe na mama mnakwenda Voi kumzuru mgonjwa, mtarudi jioni ile ile. Akiuliza mgonjwa gani, mwambie amuulize mama yake. Naye ataachwa aamue kama anataka kuuliza. Pijo mwachieni, pandeni basi la asubuhi. Chupa ya mafuta msiisahau dirishani. Jibu hili nalituma kwanza kwa posta kwa anwani uliyoandika nyuma ya bahasha, gazetini litatoka baadaye, kwani mguu wa mzee haungoji mpiga chapa.

Na jambo la mwisho. Mkate wa sinia uupike wewe kwa mkono wako, mzima, uufunge kwa kitambaa cheupe na uandike karatasi ya jina: Ngowa. Mpe mama aupakate, akae dirishani. Mkifika Taru ukamwona anaufungua na kuanza kuumega, mtilie chai umpe, nyamaza kimya. Mkate wenyewe ndivyo unavyotakiwa kufika.

Bi Mejumaa